Amitriptyline ya mama, miguu kuwaka moto: nyota 4 kati ya 5

Jamani naandika hii kwa wenye wazazi wa sukari ambao miguu inawaka moto usiku. Mama yangu ilifika hatua shuka likigusa tu kidole anaruka, anashuka kitandani anakaa kwenye kiti nyayo kazibandika kwenye sakafu ya simenti ndo apate nafuu kidogo, panadol hamna kitu, diklofenaki hamna kitu na bado kwa mtu wa sukari hiyo inaweza kumharibia figo. Kliniki daktari akamwandikia amitriptyline, nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku, baadae ikawa kizima.

Balaa likaanzia duka la dawa. Kijana wa pale kasoma cheti, akauliza kwa sauti mbele ya watu "hii si ya wale wa kichwa?" Mama akafika nyumbani akaitupia kabatini, hataki hata kuiona. Niliumia sana. Ni kweli ni dawa ya sonona, ipo sokoni toka 1961, na mwenye sonona ni mgonjwa kama wa presha, si kichaa. Ila hiyo hiyo kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, maana inaongeza serotonini na noradrenalini, kemikali za kupeleka taarifa kwenye mishipa ya fahamu, na mwili unazitumia hizo kuzima maumivu kwenye uti wa mgongo kabla hayajafika kwenye ubongo. Wanapewa pia wenye kipandauso cha mara kwa mara, na wale ambao mkanda wa jeshi umepona lakini maumivu yamebaki. Kwa sonona yenyewe dozi inapanda sana, ndo maana siku hizi madaktari wengi wanaanza na fluoxetine, maudhi yake ni machache na hatari ni ndogo mtu akizidisha.

Haifanyi kazi siku hiyo hiyo lakini. Mama alipokubali kuimeza, wiki za mwanzo alipata usingizi tu, moto ukaja kupungua taratibu, na sasa hivi analala kajifunika shuka mpaka vidoleni.

Nyota moja naitoa kwa sababu mdomo unamkauka mpaka analala na chupa ya maji pembeni, choo kigumu (papai limesaidia), asubuhi anaamka mzito, na akisimama haraka anapata kizunguzungu, sasa mzee akianguka ni mtihani mwingine, hivyo daktari akasema ameze mapema, saa mbili usiku, asisubiri mpaka anapanda kitandani.

Mwenye shida ya moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari kabla hajaanza. Usichanganye na tramadol kwa kujiamulia wala pombe, na usiache ghafla. Kama kuna watoto nyumbani fungieni mbali kabisa, vidonge vichache tu vinaweza kuua mtoto.