Imatinib miligramu 400: kidonge kimoja kila siku, baada ya kula

Kidonge chenyewe kina umbo la yai, rangi ya chungwa iliyokolea na kukaribia kahawia. Wengi walikijua kwanza kwa jina la Glivec, chapa ya kampuni ya Novartis ya Uswisi. Marekani wanaandika Gleevec. Siku hizi kwenye rafu za famasi kuna imatinib za viwanda vingi, hasa vya India, na rangi na umbo hutofautiana kidogo. Kiini kinachofanya kazi ni kilekile.

Tuseme mapema tunavyoiona: hii ni miongoni mwa dawa bora kabisa zilizowahi kutengenezwa dhidi ya saratani, hasa ile ya damu iitwayo lukemia sugu ya mailoidi. Wagonjwa wengi wanaokwama nayo hawakwamishwi na kidonge. Wanakwamishwa na siku zilizorukwa, kipimo ambacho hakikufanyika, au dawa nyingine iliyoingilia kati bila mtu kugundua.

Lakini si ya kila mwenye saratani ya damu, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Lukemia, yaani saratani za damu, zimegawanyika kwa kasi yake, kali au sugu, na kwa aina ya chembe zilizoharibika, mailoidi au limfoidi. Lukemia kali ya limfoidi ndiyo huwapata watoto zaidi, na tiba yake ni kemotherapi ya miaka miwili hadi mitatu. Lukemia kali ya mailoidi huhitaji kulazwa na kupewa kemotherapi nzito, na baadhi ya wagonjwa hupandikizwa uboho. Lukemia sugu ya limfoidi ni ya watu wazima, hasa wazee, na wapo wanaofuatiliwa tu kwa miaka bila dawa yoyote hadi dalili zijitokeze. Imatinib ni ya ile ya nne, lukemia sugu ya mailoidi. Hutumika pia, pamoja na kemotherapi, kwa wenye lukemia kali ya limfoidi ambao chembe zao zina kromosomu ya Philadelphia. Mgonjwa mwenye aina nyingine akigawiwa vidonge na jirani kwa huruma, anapoteza muda ambao hana.

Hiyo kromosomu ya Philadelphia ndiyo siri yote. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa katika mji wa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ilikotoka: kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Jeni iitwayo ABL inatoka kwenye 9 na kuangukia kando ya BCR kwenye 22, na muungano huo, BCR-ABL, unatengeneza kimeng'enya kinachoamuru chembe zizaliane bila kupumzika. Kimeng'enya hicho kina tundu ambamo molekuli ya nishati, ATP, huingia ili kifanye kazi. Imatinib inaingia kwenye tundu hilo na kukaa, kama ufunguo uliokatikia ndani ya kitasa. ATP ikija inakuta pamezibwa.

Kubadilishana huko kwa kromosomu hutokea ndani ya chembe ya uboho wakati wa uhai wa mtu. Ugonjwa huu haurithiwi kutoka kwa mzazi, hauambukizwi, na hautokani na kijicho cha mtu. Chanzo cha nje kinachojulikana kwa hakika ni mionzi ya kiwango kikubwa, kama ilivyoonekana kwa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Kwa wagonjwa walio wengi hakipatikani cha kukilaumu, na tunaomba familia ziache kuwahoji kuhusu walichokula.

Ili kuithamini dawa hii inabidi kukumbuka kilichokuwepo kabla yake. Kulikuwa na dawa za kumeza za busulfani na haidroksiyurea, sindano za interferoni zilizowaacha watu na homa na uchovu, na upandikizaji wa uboho kwa wachache waliopata mchangiaji na uwezo. Imatinib iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Katika utafiti mkubwa ulioilinganisha na interferoni, asilimia 83 ya walioanza na imatinib walikuwa hai baada ya takriban miaka 11.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha ugonjwa. Mgonjwa wa kwetu mara nyingi hufika na bandama kubwa: upande wa kushoto wa tumbo mgumu, anashiba kwa matonge machache, amekonda, anatoka jasho usiku. Bandama huhusishwa haraka na malaria, na miezi inapotea kwa dawa mseto. Picha kamili ya damu ndiyo inayoamsha shaka, kwa sababu chembe nyeupe ambazo kwa kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa maikrolita zinaweza kupita 100,000. Hata hivyo picha ya damu haitoshi. Lazima BCR-ABL ionekane kwa kipimo cha jeni. Habari njema ni kwamba mashine ya GeneXpert, ileile inayopima makohozi ya kifua kikuu, ina katriji yake ya BCR-ABL, na jibu hutoka ndani ya saa chache. Inasoma aina kuu ya muungano, ile iitwayo p210, ambayo ndiyo wanayo karibu wagonjwa wote wa lukemia sugu ya mailoidi. Kwa hiyo jibu hasi kwa mtu ambaye kila dalili inamwelekea linahitaji kipimo kingine.

Wakati majibu yanasubiriwa, daktari huweza kuandika haidroksiyurea ili kushusha chembe nyeupe. Ni sawa kwa wiki chache. Kosa ni kubaki nayo. Bandama inanywea, damu inapendeza, mgonjwa anaona amepona, kumbe kromosomu ya Philadelphia iko palepale na ugonjwa unasogea taratibu kuelekea hatua ya mlipuko, ambako tiba ni ngumu mara nyingi zaidi.

Sasa kumeza. Mtu mzima aliye katika hatua sugu, yaani ya mwanzo, hutumia miligramu 400 mara moja kwa siku. Walio katika hatua za mbele huandikiwa 600, au 800 iliyogawanywa asubuhi na jioni. Kinachofuata watu hukipuuza, nacho ndicho huamua kama ataivumilia dawa: kimezwe baada ya mlo, mlo wa kweli, pamoja na glasi kubwa ya maji. Kikombe cha chai ya rangi hakitoshi. Imatinib inachoma tumbo, na ikikuta tumbo tupu kichefuchefu kinafuata. Tunapendelea mlo mkubwa kuliko yote wa siku, ambao kwa wengi ni chakula cha jioni. Anayefunga Ramadhani akizungumza mapema na daktari wake, dozi ya mara moja huingia vizuri baada ya futari, na ile ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku.

Asiyeweza kumeza akiyeyushe. Kwa miligramu 400 tumia mililita 200 za maji au juisi ya tufaha. Kwa 100 tumia 50. Kidonge kikiingia kwenye maji, ngozi yake ya nje hulegea kwanza na kuyapaka maji rangi ya chungwa, kisha kinavunjika kuwa chembechembe zinazotulia chini. Koroga kwa kijiko, kinywewe hapohapo, ongeza maji kidogo usuuze kuta za glasi, kisha vinywewe na hivyo. Masalia yanayobaki yamekauka kwenye glasi ni sehemu ya dozi. Usikitwange kwa kinu, na mama mjamzito asishike unga wake.

Ukisahau dozi, endelea na ya kesho kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia.

Madhara yapo, na mengi yanadhibitika. La kwanza kuonekana ni uvimbe wa kope: mtu anaamka macho yamejaa kama aliyelia usiku kucha, na kufikia mchana yamepungua. Kupunguza chumvi husaidia. Pima uzito kila wiki kwenye mizani ileile; kilo zikipanda ghafla ndani ya siku chache, au pumzi ikibana, maji yanajikusanya mwilini na hilo ni la hospitali. Misuli kukaza, hasa ndama za miguu na vidole vya mikono usiku, ni malalamiko ya kila kliniki. Daktari apime kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kabla ya kuagiza nyongeza. Kuhara na vipele hutokea. Ngozi nyeusi inaweza kupauka, jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi na linawatisha bure. Mara nyingi rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikisimamishwa, lakini si sababu ya kuiacha mwenyewe.

Damu ifuatiliwe: kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, baadaye kadiri daktari anavyoona. Kwa mgonjwa wa hatua sugu, neutrofili, ambazo ni aina ya chembe nyeupe, zikishuka chini ya 1,000 kwa maikrolita, au chembe sahani zinazogandisha damu chini ya 50,000, dawa husimamishwa kwa muda, na kurudishwa zikipanda kufikia 1,500 na 75,000. Kusimama huko hupangwa na daktari na huwa na tarehe ya kurudi. Ini nalo lipimwe.

Dawa zinazogombana nayo zinastahili aya yao, kwa sababu hapa ndipo matibabu huharibika kimyakimya. Rifampisini ya kifua kikuu inalifanya ini liichome imatinib haraka, kiasi kwamba mwili unabaki na takriban robo tu ya dawa iliyotarajiwa. Mgonjwa anameza kila siku kwa uaminifu, na ugonjwa unarudi. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, daktari wa damu ajulishwe siku hiyohiyo, apange dozi upya. Fenitoini na kabamazepini za kifafa hufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, ketokonazoli ya fangasi na tunda la balungi huizidisha damuni. Chungwa la kawaida halina shida. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda huhamishiwa heparini. Dawa za malaria na za VVU zitajwe kwa mfamasia kabla ya kununuliwa. Mitishamba ya kunywa tunaipinga waziwazi wakati wa tiba hii: ini likichafuka, hakuna atakayejua limechafuliwa na nini.

Je, inafanya kazi? Jibu liko kwenye kipimo cha BCR-ABL kila baada ya miezi mitatu. Kwa mizani ya kimataifa, kiwango kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini mwezi wa tatu, asilimia 1 mwezi wa sita, na asilimia 0.1 mwezi wa kumi na mbili. Picha ya damu iliyotulia bila kipimo hiki ni nusu ya habari. Kiwango kisiposhuka, swali la kwanza liwe vidonge vingapi vimebaki kwenye pakti. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 uliweka kifaa kwenye kifuniko cha chupa kuhesabu kila ilipofunguliwa: kati ya waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, karibu wote walifikia ile asilimia 0.1 ndani ya miaka sita. Waliomeza pungufu, chini ya theluthi. Asilimia 90 ya mwezi ni vidonge 27, yaani kuruka siku tatu tu kunakufikisha kwenye ukingo.

Kama vidonge vimemezwa vyote na hakuna dawa iliyoingilia, basi huenda kimeng'enya kimebadilika umbo. Zipo dawa nyingine, nilotinibu na dasatinibu, na zote ni nzuri, lakini hazimezwi kama imatinib: nilotinibu huhitaji tumbo tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena. Aliyezoea imatinib hukosea hapa mara kwa mara. Badiliko liitwalo T315I hushinda zote hizo tatu, na huhitaji ponatinibu au askiminibu.

Kuhusu bei, mambo yamebadilika sana. Mahakama ya Juu ya India iliinyima Novartis hataza, yaani haki ya kuitengeneza dawa peke yake, tarehe 1 Aprili 2013, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza imatinib kwenye orodha ya dawa muhimu. Mpango wa GIPAP, ulioanzishwa na Novartis pamoja na The Max Foundation, uliwapa wagonjwa dawa bila malipo, wakiwemo wa Nairobi na Dar es Salaam, kwa sharti la kuthibitishwa kuwa na Philadelphia au BCR-ABL. Kabla ya kuuza shamba, uliza kliniki ya damu au ya saratani kama kuna msaada wa namna hiyo na kama bima inalipa.

Imatinib ya kiwanda kingine iliyosajiliwa tunaipendekeza bila wasiwasi. Ukibadilishiwa chapa, andika tarehe, na kipimo cha miezi mitatu kinachofuata kisiahirishwe.

Wapo wanaoweza kuiacha kabisa, lakini ni wale waliotumia miaka kadhaa, kiwango kikakaa chini sana kwa angalau miaka miwili, na wanaoweza kupimwa kila mwezi baada ya kuacha. Takriban nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita, na wakianza tena karibu wote hutulia. Pasipo na kipimo cha kila mwezi, isiachwe. Mwanamke atumie uzazi wa mpango wakati wote wa tiba, na akitaka mtoto aseme mapema, kabla ya kushika mimba. Kunyonyesha na dawa hii haviendi pamoja.

Unapopokea pakti, soma tarehe ya mwisho na namba ya toleo, na angalia kama karatasi za vidonge hazijatobolewa. Hifadhi chini ya nyuzi 30, mbali na unyevu. Jikoni na bafuni katika miji ya pwani si mahali pake. Viache ndani ya karatasi yake hadi saa ya kumeza. Rudi kuchukua nyingine vikiwa vimebaki vya wiki mbili.