Warsha ya "kwetu, mwili, nyumba" kwa mbinu ya Amherst: kanuni zibaki, vianzio vibadilishwe

Tunachokipima hapa ni mbinu ya Amherst, ile ya kuandika papo kwa papo kwenye duara dogo. Aliyeiasisi ni mshairi wa Marekani Pat Schneider, na miongoni mwa waliofaidika nayo mapema ni wanawake wa kipato cha chini waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za umma za Chicopee, Massachusetts. Tulitaka kujua jambo moja: ukiileta kwenye warsha ya Kiswahili inayohusu kwetu, mwili na nyumba, itashika? Kanuni zake zinashika vizuri mno. Vianzio vyake, yaani maneno au maswali ya kuwaanzishia watu kuandika, vikitafsiriwa tu, vinaharibu kazi.

Tuanze na kanuni. Mwezeshaji anaandika pamoja na washiriki na kusoma alichoandika. Kusoma ni hiari. Rasimu iliyoandikwa sasa hivi haikosolewi. Wasikilizaji wanataja kilichowabakia na chenye nguvu, basi. Na kila andiko linachukuliwa kuwa la kubuni: husemi "ulipopigwa", unasema "msimulizi alipopigwa". Kwa mada ya mwili, kanuni hiyo ya mwisho peke yake inastahili ada. Kiswahili kinaipa nguvu zaidi, kwa kuwa kiambishi a- hakimtaji mwanamke wala mwanamume. Aliyekwama kwenye "nililala nimefumba macho" akiandika "alilala amefumba macho", mara nyingi kalamu inatembea tena. Mwezeshaji mzuri anaitoa ruhusa hiyo kabla watu hawajaanza kuandika.

Idadi ya watu ndipo warsha nyingi zinapoharibikia. Chukua kipindi cha saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Utangulizi dakika 10, zoezi la kupasha moto dakika 10, chai 10, zoezi kubwa 20. Kila msomaji anahitaji dakika 4 za kusoma na 3 za mrejesho. Wakiwa 10, ni dakika 70. Jumla 120, na unabaki na 30 za kuvuta pumzi. Wakiwa 15, ni dakika 105, jumla 155, na wa mwisho atasoma wenzake wakiwa wanabeba mikoba. Anayesomea mikoba habari za kovu lake harudi wiki inayofuata. Kumi wanatosha, kumi na wawili ndiyo kikomo.

Sasa vianzio. "Uandikie mwili wako barua" ni kianzio maarufu, na kwa Kiswahili kinazaa aina mbili za maandishi dhaifu. Kwanza, neno "mwili" likisimama peke yake linavuta mauti, kwa sababu ndilo tunalolisikia kwenye taarifa: mwili umeletwa, mwili utaagwa. Nusu ya duara inaandika msiba bila kukusudia. Pili, ukurasa unajaa "mikono yangu, macho yangu, miguu yangu", wakati Kiswahili mara nyingi hakiumilikishi mwili namna hiyo. Kichwa kinaniuma. Usingizi umenipaa. Mwili ndio unaotenda, na mtu yumo katikati ya kitenzi akipokea.

Kwa hiyo zoezi linalofaa ni hili: dakika 20, kiungo kimoja kilichotajwa kwa jina (kisigino, kwapa, ufizi), na marufuku ya -angu. "Kisigino changu kimepasuka" kinakuwa "kisigino kimenipasuka". Linganisha hizo mbili kwa sauti. Ya kwanza inatoa taarifa, ya pili ina maumivu na ina mtu. Kosa la kuliepuka ni kumpa mshiriki achague kiungo mwenyewe. Wengi watachagua moyo, na moyo utawarudisha kwenye maneno ya nyimbo za mapenzi.

Kwa nyumba, zana bora tuliyo nayo tayari ni viambishi vya mahali: pa-, ku-, mu-. Mshiriki anaandika nyumba ileile mara tatu, dakika 7 kila mara. Aya ya kwanza ni ya pa- tu: uani pamefagiliwa, mlangoni pana kandambili tatu. Ya pili ni ya ku-: jikoni kunanukia, kule nyuma kumenyamaza. Ya tatu ni ya mu-: chumbani mmejaa moshi, humo mlimolala watu sita. Aya ya mu- ndiyo karibu kila mara inayotoa siri. Wenyeji wa Nairobi, na vijana wengi wa Dar es Salaam, wamezoea kusema ku- kwa kila kitu, kwa hiyo mifano mitatu iandikwe ubaoni kwanza na isomwe kwa pamoja, la sivyo dakika zote 21 zinaishia kwenye kuulizana sarufi.

Kisha "kwetu". Kwangu ni pale ninapolala. Kwetu ni kule ninakohesabiwa. Mtoto aliyezaliwa Temeke kwa wazazi wa Bukoba akiulizwa "kwenu wapi?" ana majibu mawili, na hadithi iko katikati yake. Mada hii haikuletwa na wageni. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno: mjane wake, Wambui, alitaka azikwe shambani kwao Upper Matasia, Ngong, ukoo wa marehemu ukataka Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki. Mwili, nyumba na kwetu, vyote vitatu ndani ya shauri moja. Kianzio chetu tunachokipenda kinatoka kwenye udongo huohuo: kitovu chako kimezikwa wapi, na nani anayepajua mahali penyewe? Waliozaliwa hospitalini wengi hawana jibu, kwa hiyo wape mlango wa pili: nani alikuogesha siku za mwanzo, na kwa maji ya wapi?

Vitu vya mezani visaidie pua na vidole: dodoki, kitana, kopo la mafuta ya kujipaka, ufunguo wenye kutu, kifuniko cha sufuria. Viwe vingi kuliko watu, ishirini kwa watu kumi.

Upungufu mkubwa wa mbinu hii unaonekana mtu akishazoea. Sifa tupu hazimpeleki kwenye rasimu ya pili. Hapo tungeingiza hatua nne za Liz Lerman, mtunzi wa ngoma wa Marekani: wasikilizaji waseme kilichowagusa, mwandishi aulize, wasikilizaji waulize maswali yasiyo na hukumu ndani yake, kisha maoni yatolewe kwa idhini ya mwandishi. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. "Kwa nini mama ni mkatili hivi?" tayari ni hukumu, "mama yuko wapi wakati mlango unafungwa?" ni swali.

Zile dakika 30 zilizobaki zisiliwe na matangazo. Utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall wa 1986, ambapo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, ulionyesha kwamba walioandika machungu yao walijisikia vibaya zaidi mara tu walipoweka kalamu chini. Basi usimtoe mtu moja kwa moja kutoka kwenye zoezi la mwili hadi kituo cha daladala. Kipindi kimalizikie kwenye kitu chepesi cha dakika 5, hata orodha ya mboga za nyumbani.

Kabla hujalipa, uliza: mtakuwa wangapi? Mwezeshaji naye anaandika na kusoma? Simu zinakaa wapi? Siku hizi siri inavujia kwenye kundi la WhatsApp, kwa picha ya daftari au sauti iliyorekodiwa, kwa hiyo kapu la simu mlangoni ni la lazima. Ikiwa warsha ni ya mtandaoni, hakikisha una chumba chenye mlango unaofungwa, kwani hakuna anayesoma habari za kifua chake shemeji akiwa sebuleni. Na omba uone kianzio kimoja cha kipindi cha mwili. Ukikuta "uandikie mwili wako barua", waulize kama wanacho kingine.