Land Cruiser BJ75 yangu baada ya kufungwa 1HZ: uzoefu wangu

Nimeshalitumia kwa misimu ya vitunguu ya kutosha, kwa hiyo naandika bila kusita: kutoa injini ya 3B na kufunga 1HZ, zote dizeli za Toyota, ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kulifanyia gari hili. Naandika kwa sababu kila ninaposimama kujaza mafuta Karatu kuna mtu ananiuliza, na wengi wanauliza jambo moja tu, bei ya injini. Injini ilikula kama nusu ya pesa yangu. Nusu nyingine ilikwenda kwenye vitu vinavyoizunguka, na huko ndiko kazi kama hii inakopona au kufia.

Gari ni pikapu, BJ75, zile ambazo watu wanaziita mkonga. Kiwandani lilitoka na 3B, dizeli ya silinda nne, cc 3,431, yenye nguvu za farasi tisini na kitu. Nabebea vitunguu kutoka Mang'ola, kule bondeni kando ya Ziwa Eyasi, kupandisha Karatu. Sitaki mtu aiseme vibaya 3B mbele yangu. Mbele ina gia tupu, haina mkanda wa taiming (ule unaopatanisha vali na pistoni), na ukiipa oili safi itakuzika. Ila haikuwa na pumzi ya kazi yangu. Ukiwa na mzigo, mlima wa kutoka bondeni unaupanda kwa gia ya pili mwanzo hadi mwisho, malori yanakupigia honi nyuma, na sindano ya joto unaitazama kuliko unavyoitazama barabara. Na injini isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa ndani, inazidi kuchoka kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inapungua. Kwa hesabu ya mafundi ni kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Karatu iko kwenye mita kama 1,500, na ukiendelea hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200.

Nilishauriwa mengi. Wa kwanza alitaka nifunge 1KZ ya Hilux Surf, ile lita tatu yenye tabo, kwa kuwa zinapatikana kwa wingi na bei yake inavumilika. Nilikataa kwa sababu silinda hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemka, na mimi kazi yangu ni mlima na mzigo. Mwingine akanitajia ile V8 ya dizeli, lita 4.5, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser hizi mwaka 2007. Ni injini nzuri sana, lakini inaendeshwa kwa kompyuta. Ikigoma pale Mang'ola, hakuna fundi wa kuisomea.

Nikaichagua 1HZ kwa sababu moja kubwa: Toyota wenyewe walishaiweka humo. Kuanzia 1990 bodi hii hii ilitoka kiwandani ikiitwa HZJ75, na ndani ina 1HZ, silinda sita, cc 4,164, farasi kama 130, na nguvu ya kuvuta ya niutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Maana yake ni kwamba maunting (vishikio vya injini), rejeta, mabomba, kava la feni, waya wa akselereta, vyote vilishachorwa Japani na vina namba zake za spea. Fundi hatakiwi kubuni kitu. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata farasi zenyewe, kwa sababu bomba la kubuni likipasuka njiani hakuna duka litakalokuuzia jingine.

Kuipata kulichukua muda. Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, nilionyeshwa injini iliyooshwa ikang'aa, lakini mahali pa namba palikuwa pamesagwa na grinda. Niliondoka palepale. Injini ya namna hiyo hata ikiwa nzima huwezi kuiandikisha, na siku ukiulizwa imetoka wapi huna jibu.

Hatimaye tukapata HZJ75 ya mradi fulani iliyopinduka. Bodi ilikuwa imekwisha, lakini injini ilikuwa bado imefungwa na inawaka. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hizi tangu enzi za Land Rover 109, alisisitiza twende alfajiri kabla mwenye gari hajaamka. Akaweka kiganja kwenye bloku kuhakikisha ni ya baridi, kwamba hakuna aliyeiwasha mapema kuficha ugumu wa kuwaka. Ikawashwa, ikashika mara moja. Moshi mweupe kidogo, ukakatika. Ilipopata moto, mzee alifungua mfuniko wa kumiminia oili, akaugeuza kichwa chini na kuuacha juu ya tundu lake. Ulitetemeka tu. "Ungerukaruka, kijana wangu, tungeaga," akaniambia. Mfuniko ukirushwa maana yake mgandamizo unavuja kwenye ringi na kushuka chini, na hapo unanunua ovahoo, kazi ya kuifungua na kuifanya upya, hununui injini.

Muuzaji alitaka kuniuzia injini peke yake kwa bei ya chini. Nikamwambia nataka kila kitu: injini, giaboksi ya H55F na kengele yake (lile kava linaloiunganisha na injini), klachi, propela shafti, rejeta na kava lake, maunting zote, nyaya, ekzosti, hata boksi la kichujio cha hewa. Anayefikiria kazi hii anisikie hapa. Hivyo vidogo ukianza kuvitafuta kimoja kimoja baadaye, utalipa zaidi na gari litakaa juu ya mawe muda mrefu.

Kwenye kufunga, mzee alianza na giaboksi. Aliikalisha kwenye krosimemba yake, ule mhimili unaokatiza chesisi, akaning'iniza injini kwa cheni bloku na kuiunganisha, akatazama pembe ya propela, ndipo injini yenyewe ikaonyesha maunting zikae wapi kwenye chesisi. Za silinda nne hazikai sehemu moja na za silinda sita, kwa hiyo za zamani zilikatwa na hizi zikachomelewa. Hakuchomelea moja kwa moja. Aligusisha kwa nukta, akapima tena kulia na kushoto, akalala chini akatazama, kisha akamaliza. Pua iliinama kidogo kwa uzito, tukaongeza jani moja kwenye kila springi ya mbele.

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye kupoza. Silinda sita ni ndefu, kwa hiyo feni inasogea karibu na rejeta. Kijana mmoja pale gereji alishauri kava la feni litupwe ili nafasi iongezeke, na themostati itolewe "ili injini isichemke". Wengi mnafanyiwa hivyo na mnashukuru. Mzee alikataa yote mawili. Kava ndilo linaloilazimisha feni kuvuta hewa kupitia rejeta nzima. Bila kava feni inazungusha hewa ya moto ile ile ya kwenye injini. Na bila themostati dizeli haifikii joto lake la kazi, inakula mafuta na kuchakaza silinda. Tuliifunga rejeta ya HZJ75 na kava lake, themostati mpya, na mipira yote mipya. Leo napanda na mzigo saa nane mchana na sindano inatulia katikati.

Umeme nao uangaliwe mapema. Gari langu lilikuwa la volti 24 na injini ikaja na stata ya volti 12. Stata, alternata, gloplagi (zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka) na ile solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu lazima vyote viongee lugha moja. Mimi nimehamia volti 12 kila kitu, taa na waipa zikiwemo. Ile mota ndogo iliyokuwa ikivuta mkono wa pampu ya 3B kuzima gari imebaki stoo, haina kazi tena.

Sasa barabarani. Mlima ule ule naupanda kwa gia ya tatu, na sehemu nyingi bila kukanyaga hadi chini. Haijawa gari la mbio na sikulitaka liwe. Nguvu inakuja chini kabisa, pale unapoihitaji kwenye mchanga wa mtoni au ukianza kuondoka na mzigo ukiwa umeelekea juu. Kwenye lami inakwenda 90 bila kelele ya kuumiza kichwa, jambo ambalo 3B haikuniwezesha. Mafuta yameongezeka kidogo: zamani nilipata kama kilomita tisa kwa lita nikiwa mtupu, sasa nane, na kwenye mzigo tofauti ni ndogo kwa sababu siku hizi sikamui injini.

Kuna mambo mawili ya 1HZ ambayo mtu aliyezoea 3B lazima ayapokee. La kwanza ni mkanda wa taiming, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. HZJ75 ina taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukukumbusha. Dashibodi ya BJ75 yangu haina, kwa hiyo tarehe na kilomita nimeziandika kwa rangi kwenye kava la mkanda. Ukikatika ukiwa unaenda, vali na pistoni zinakutana. La pili ni pampu ya dizeli. Ya 3B ni ya mstari na ilivumilia mengi. Ya 1HZ ni ya mzunguko, na ndani inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, au yenye maji, inaila taratibu. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010 hali ni afadhali, lakini mafuta ya kwenye madumu sinunui kabisa, na maji kwenye chujio nayamwaga mara kwa mara.

Tabo nimeshawishiwa sana. Hapana. 1HZ ilitengenezwa bila tabo, na Toyota walipotaka tabo kwenye lita 4.2 walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye mfumo tofauti wa kuchoma mafuta. Kwa anayepanda milima na mzigo wa tani, joto la ziada la tabo linaishia kwenye hedi.

Bleki zifanywe kabla gari halijatoka gereji, maana gari linalokwenda kasi zaidi na mzigo ule ule linahitaji kusimama. Hakikisheni pia pampu ya vakyumu ni nzima, kwa sababu busta ya bleki, inayokuongezea nguvu ya kukanyaga, kwenye dizeli inaitegemea.

Kuhusu karatasi, kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo, na vyote viwili vinabadilika. Nilitunza mkataba wa mauziano na nakala ya kadi ya gari lililotoa injini, nikaenda kukaguliwa na kuomba marekebisho TRA (mamlaka ya mapato), kisha nikawaarifu na watu wa bima.

Kwa mwenye BJ75 au BJ70 anayebeba mizigo kwenye milima, nashauri afanye, mradi apate gari zima la kutolea vipuri. Mwenye HJ75 ambayo injini yake ya 2H bado inashika asubuhi bila shida, sioni sababu ya kuitoa. Lita nne zile zinatosha, pesa hiyo aipeleke kwenye springi na matairi.