La Folia ya Jordi Savall: ngoma ya Wareno iliyoingia ikulu

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuusikiliza muziki wa kale wa Hispania na Ureno, humtajia kwanza albamu ya La Folia 1490–1701, ambayo Jordi Savall, mpigaji wa viola da gamba (chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde), aliitoa mwaka 1998 kupitia Alia Vox, kampuni aliyoianzisha mwaka huohuo pamoja na mkewe, mwimbaji Montserrat Figueras. Albamu nzima imejengwa juu ya besi moja iitwayo folia, yaani mfuatano mfupi wa sauti nzito unaorudi na kurudi huku wapigaji wakibuni mapya juu yake. Tunaufuata mfuatano huo tangu ulipokuwa wa wacheza ngoma hadi ulipofikia mikono ya wanamuziki wa mfalme wa Ufaransa, na katika safari yote hiyo Savall na wenzake hawaruhusu mguu wa mchezaji upotee ndani ya ufundi wa mtunzi. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kazi hii, na ndiyo iliyonifanya niihesabu miongoni mwa rekodi bora za muziki wa rasi ya Iberia.

Folia ilizaliwa Ureno. Francisco de Salinas, aliyekuwa kipofu na profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Salamanca, aliihusisha na Wareno katika kitabu chake cha mwaka 1577, na mwaka 1611 mwanakamusi Sebastián de Covarrubias aliieleza kuwa ngoma ya Kireno yenye kelele nyingi, ambamo wachukuzi waliojigeuza sura hubeba mabegani vijana wa kiume waliovishwa nguo za wasichana, njuga zikilia, na mwendo ukiwa wa kasi kiasi kwamba wote huonekana kama watu waliorukwa na akili. Ni vyema msikilizaji akayashika maelezo hayo kabla hajaanza, kwa sababu wengi wanaoijua folia wanaijua ile ya baadaye, iliyopunguzwa kasi, yenye huzuni na heshima zake, na hawatarajii kwamba mama yake alikuwa mchangamfu namna hii.

Savall anaanza na mama huyo. Rodrigo Martínez ni wimbo uliohifadhiwa katika Cancionero de Palacio, mkusanyo wa maandishi ya mkono wenye nyimbo zaidi ya 400 za zama za Ferdinand na Isabella, watawala wa Hispania, uliomo katika maktaba ya ikulu ya Madrid. Maneno yake yanamcheka mtu anayewapigia mbinja mabata bukini akidhani ni ng'ombe. Hapa maneno hayaimbwi. Vyombo peke yake ndivyo vinavyousimulia upuuzi huo. Ngoma inaingia, gitaa linafuata kwa kukwaruzwa nyuzi zote kwa pamoja, kisha viola ya Savall inaushika wimbo na kuanza kuuzungusha, kila mzunguko ukiwa na pambo ambalo halikuwemo katika mzunguko uliotangulia. Wapo wasikilizaji wanaolalamika kwamba maandishi ya zama zile hayana ngoma wala kastaneti, yaani vibao vidogo vinavyogonganishwa mkononi, na ni kweli kwamba sehemu hizo hazikuandikwa. Lakini hazikuandikwa kwa sababu mpiga ngoma hakuhitaji kuandikiwa, na Pedro Estevan, anayezipiga hapa, anajua lini aichochee ngoma na lini ainyamazishe. Mimi nasimama upande wake bila kusita.

Chombo anachopiga Savall, viola da gamba, kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Hushikwa wima kati ya miguu, na shingoni kimefungwa vitanzi vya utumbo wa mnyama vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza. Mpigaji huushika upinde kiganja kikielekea juu, vidole vyake vikigusa nywele zenyewe za upinde, hivyo anaweza kuzikaza au kuzilegeza katikati ya sauti moja. Wapo wanahistoria wanaotafuta chimbuko lake katika ufalme wa Aragón wa mwishoni mwa karne ya 15, ambako rababa ya Kiarabu, nayo ikisimamishwa wima na kupigwa kwa upinde, ilikuwa imezoeleka kwa muda mrefu. Katika rekodi hii unasikia upinde unavyouma uzi kabla sauti haijafunguka, na kwa kweli mkwaruzo huo mdogo ni nusu ya uzuri wake.

Unasikika vizuri zaidi katika vipande viwili vya Diego Ortiz, mwanamuziki wa Toledo aliyefanya kazi Naples na kuchapisha mjini Roma, mwaka 1553, kitabu cha kuwafundisha wapigaji wa viola jinsi ya kubuni mapambo papo kwa papo juu ya besi zinazojulikana. Atakayesikiliza akiwa na masikio yaliyolelewa na taarabu ataukaribia muziki huu kwa urahisi, maana mpigaji udi anayetoa taksim kabla ya wimbo kuanza naye hupimwa kwa namna anavyotangatanga bila kupotea. Tofauti ni kwamba Ortiz hana uhuru wa kusimama: besi inatembea chini yake, naye lazima afike kila kituo kwa wakati. Savall anafika kila mara, na bado anasikika kama mtu asiye na haraka.

Kipande cha Antonio de Cabezón, mpiga kinanda kipofu aliyemtumikia Mfalme Philip wa Pili, ni cha utulivu, nacho pamoja na wimbo wa Juan del Enzina wa kula na kunywa kabla ya Kwaresima vinapita upesi.

Kilele, kwa maoni yangu, ni mageuzi ya folia, yaani folia ileile ikirudiwa kwa sura mpya kila mara, yaliyotoka katika mikusanyo ya Antonio Martín y Coll, mtawa wa Kifransisko na mpiga kinanda aliyenakili mamia ya vipande kati ya mwaka 1706 na 1709. Hapo folia imekwisha kuwa ya taratibu, yenye mapigo matatu na uzito kwenye pigo la pili. Kinubi cha Arianna Savall na gitaa la Rolf Lislevand vinapokezana na viola, na kastaneti za Adela González-Campa zinaingia kwa upole, kisha zinaongezeka kidogo kidogo hadi ile ngoma ya barabarani inarudi ikiwa imevaa nguo za ikulu. Nimerudia kipande hiki kuliko vyote na bado nagundua sauti niliyokuwa nimeipita.

Nina shaka moja kuhusu kipande cha Arcangelo Corelli, kilichochapishwa Roma mwaka 1700 kwa ajili ya fidla. Kukihamishia kwenye viola kunakipa joto, lakini vifungu vya kasi vinapoteza ule mng'ao wa fidla ambao mtunzi aliukusudia, na anayekijua katika hali yake ya asili atauona upungufu huo. Marin Marais, anayefunga kwa mageuzi yake ya mwaka 1701, hana tatizo hilo, kwa kuwa aliandika kwa ajili ya viola hasa. Ni kipande kirefu, zaidi ya robo saa, na kinadai usikivu ambao mgeni huenda asiwe nao siku ya kwanza. Namshauri akiache kwa siku nyingine badala ya kukisikiliza akiwa amechoka.

Kijitabu kinachoambatana na diski kina insha ya mwanamuziki-msomi wa Kireno Rui Vieira Nery, iliyotafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kununua diski yenyewe badala ya kusikiliza kwenye intaneti pekee, ambako aghalabu jina la kipande hukatwa na msikilizaji hajui anachosikia. Anayetaka sauti ya binadamu asiitafute hapa, kwani albamu yote ni ya vyombo. Huyo atafute rekodi ya mwaka 1991 ya Cancionero de Palacio, ambamo kundi la Savall, wakati huo likiitwa Hespèrion XX, linampa nafasi Montserrat Figueras aziimbe nyimbo za mkusanyo huo.