Kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza, mtumba, 450 bob hapa Kisumu

Hii kamusi nilitoa kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mitumba hapa mjini, alianza na 700 tukaongea akakubali 450. Si ile ya kukwambia maana tu, inakwambia neno limetoka wapi. Mi ni fundi wa vioo, kutwa naokota vipande, na mtoto wangu wa Gredi ya 8 aliniuliza shard na splinter na fragment zinatofautianaje nikakosa la kumwambia.

Sasa naweza. Shard ni Kiingereza cha kale kabisa, ukoo mmoja na shear, kukata, na zamani ilikuwa pia ni kigae cha chungu. Wale wanaochimbua mambo ya kale bado wanaandika sherd, kwa hivyo vigae vya vyungu vya Urewe kule Siaya ni sherd, lakini dirisha likianguka kwangu ni shard. Splinter imetoka kwa Waholanzi, ndugu yake ni split, kupasua, ndo maana ni kale kembamba kenye ncha kanakoingia kidoleni na hukaoni (mafundi wenzangu mnakajua). Fragment ni Kilatini, frangere, kuvunja, na fraction ya hesabu imetoka hapohapo, mtoto alifurahi sana kujua kwamba akifanya sehemu anavunja namba.

Iliyonishika zaidi ni chip. Mwanzo ilikuwa kale kapande kanakoruka ukichonga mbao, viazi vimekuja baadaye sana. Sasa angalia Kiswahili chetu, kibanzi ni cha mti, ni kile cha kwenye Biblia ndani ya jicho la ndugu yako, halafu leo ukikuta menyu ya Kiswahili sanifu wameandika vibanzi ujue ni chipsi, yaani viazi vimepitia kwa seremala kwa lugha zote mbili! Nilisoma hiyo mara tatu.

Bit imetoka kwa bite na morsel kwa Kilatini cha kuuma, zote ni pande la meno. Ile b ya crumb inayomsumbua mtoto kwa imla haikuwepo zamani, iliongezwa tu baadaye. Smithereens, yaani vipande vidogovidogo, ina mkia wa Kiayalandi unaofanya kitu kiwe kadogo, kama sisi tukisema kapande. Shrapnel ni jina la mtu, Henry Shrapnel, mwanajeshi Mwingereza wa mizinga, bomu lake lilichukuliwa na jeshi lao 1803, na neno lilikuwa la bomu lenyewe lililojaa risasi kabla halijahamia kwa vipande vinavyoruka.

Ubaya wake, kurasa za mbele hazipo na ndizo zilikuwa na maelezo ya vile vifupisho vya lugha, so wiki ya kwanza nilikuwa nakisia OE ni nini, ON ni nini, mpaka nikaenda intaneti nikajua ni Kiingereza cha kale na Kinorsi cha kale. Herufi S imeachana na gundi, na huko ndiko maneno ya kuvunjika yamejaa, nimeshika na selotepu. Maandishi ni madogo, usiku na taa ya solar macho yanauma.

Kwa 450 nimeridhika kabisa. Ukienda, fungua mbele na nyuma kabla hujalipa, na uvute kurasa kidogo uone kama zimeshika.