Taa ya eabegi haizimi: ELM327, skana ya SRS au rezista?

Habari za saa hizi watazamaji, karibuni sana. Leo nazungumza na wenye IST, Vitz, Raum na magari mengine ya umri huo, ambao taa ya eabegi kwenye dashibodi imewaka na imegoma kuzima. Mezani hapa nina vitu vitatu ambavyo mtu hushauriwa kununua: kidude cha ELM327 kinachochomekwa kwenye gari na kuunganishwa na simu ili kusoma hitilafu, skana ya mkononi inayosoma SRS, yaani mfumo wa eabegi, na rezista ndogo ya omu 2. Kimoja wapo nitakukataza usikiache ndani ya gari lako.

Kabla hujatoa hela, fanya kipimo hiki cha bure. Zungusha ufunguo hadi ON, usiwashe injini. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo taa huwaka kama sekunde 6, kisha huzima yenyewe. Isipowaka kabisa, yawezekana balbu imetolewa au imezibwa. Ikiwa inazima pale tu injini inapowaka, pamoja na taa ya oili, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameunganisha nyaya zake. Ukienda kuangalia gari la mkononi, anza na hilo kabla hata ya kufungua boneti. Taa ikiwaka muda wote maana yake kompyuta ya eabegi imeona kasoro, na siku ya ajali mfuko unaweza usifumuke.

Haya, ELM327. Ni rahisi, na kwa injini inafaa. Lakini kwa taa hii, usiitegemee. Kiwango cha OBD2, ambacho kidude hiki hukitumia kusoma kompyuta ya gari, kilitengenezwa kwa ajili ya moshi na injini, na programu za kawaida za simu husoma upande huo tu. Itakuandikia hakuna hitilafu huku taa inakukodolea macho. Haikudanganyi, haijaingia kwenye chumba chenye ugonjwa.

Kinachotakiwa ni skana iliyoandikwa SRS kwenye boksi. Hii hapa ni Launch CRP123: inasoma injini, gia, ABS ya breki na SRS, na inafuta misimbo ya hitilafu. Sasa wengi hukwama hapa. Magari yetu yametoka Japani, na hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba ya chasisi fupi, kama ile inayoanza na NCP61. Ukibonyeza skana itambue gari yenyewe, inashindwa, na watu wanadhani ni mbovu. Chagua kwa mkono: Toyota, soko la Japani, modeli, mwaka. Kabla ya kununua, omba muuzaji aichomeke kwenye gari lako uone ikifungua SRS. Akikataa, nenda duka la pili.

Ukishasoma, andika msimbo kwenye karatasi ndipo ufute. Msimbo ukirudi papo hapo unapofungua ufunguo, kasoro ipo muda wote. Ukirudi baada ya kupita mashimo au kukata kona, tafuta waya au soketi iliyolegea. Toyota ikikupa B1801, saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Hapo bonyeza honi. Kama nayo haifanyi kazi, mshukiwa wa kwanza ni klokispringi, ule utepe wa waya uliojikunja nyuma ya usukani. Kwenye klokispringi mpya kosa kubwa ni kutoiweka katikati: zungusha taratibu kinyume cha saa hadi igome, kisha rudisha kama mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane, matairi yakiwa yamenyooka. Ukikosea, utepe unakatika kwenye kona ya kwanza kali.

Kama msimbo unaelekeza kwenye mkanda au eabegi ya pembeni, inama chini ya siti. Soketi za njano ziko hapo, na hapo ndipo maji hutuama. Gari lililopita kwenye mafuriko ya Jangwani hapa Dar, au lililooshwa zulia kwa mpira wa maji, huota kutu ya kijani kwenye pini. Nyunyiza dawa ya kusafishia soketi za umeme, acha ikauke, chomeka mpaka kufuli lilie. Ndani ya soketi hizi kuna kibati kinachounganisha pini mbili soketi ikiwa wazi. Ukichomeka nusu nusu, kompyuta inasoma shoti.

Kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano: zima ufunguo, toa hasi ya betri kwa spana namba 10, subiri sekunde 90. Kompyuta ina akiba ya umeme ndani yake. Na tafadhali sana, usiweke multimita kwenye eabegi yenyewe kupima omu. Mkondo mdogo wa mita unaweza kuifumua usoni mwako.

Sasa rezista. Ina kazi moja halali: fundi huiweka mahali pa eabegi kwa dakika chache, msimbo ukiondoka, waya ni wazima na tatizo liko kwenye eabegi. Basi, inatolewa. Kuiacha humo ili taa izime ni kuiambia kompyuta eabegi ipo wakati haipo. Fundi akikwambia ndiyo suluhisho, chukua ufunguo wako uondoke.

Na kuna kitu ambacho skana zote hizi haziwezi kukionyesha. Eabegi nyingi za Takata, kampuni ya Japani iliyowatengenezea watengenezaji wengi wa magari, zilitumia baruti ya amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu hadi ikilipuka inapasua chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu Dar. Taa inaweza kuwa imezima na hatari hiyo ipo. Kwa hiyo usinunue eabegi iliyong'olewa kwenye gari lingine. Na kwa ile iliyomo kwenye gari lako, piga picha namba ya chasisi, fungua tovuti ya mtengenezaji ya Japani, na uiingize kwenye sehemu ya kukagua magari yaliyoitwa kurekebishwa.