Nyimbo ulizonunua zina kufuli? Njia za kuzipata upya zikiwa huru, kuanzia iliyo bora

Mjomba wangu aliporudi Tanga baada ya miaka mingi Leicester, zawadi zilipokwisha kugawiwa alitoa kwenye begi laptop ya zamani yenye nyimbo 214. Alizinunua mojamoja kati ya 2005 na 2008 kwenye iTunes ya Uingereza, duka la muziki la mtandaoni la kampuni ya Apple, peni 79 kila wimbo. Ukipiga hesabu ni karibu pauni 169. Tukazihamishia kwenye flashi, tukaichomeka kwenye redio ya Noah yake, tukatoka Raskazone kuelekea Kange. Redio ikazunguka kidogo, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna faili.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi tunaitana hivyo, "hizi nimezilipia. Mbona zinanigomea?"

Mwongozo huu umetokana na wiki tatu nilizokaa naye tukilitafutia jibu swali hilo. Ninauandikia yeyote mwenye nyimbo za aina hiyo, au mwenye ndugu aliyerudi nazo kutoka ng'ambo, kabla hajaingia mfukoni kununua mara ya pili kitu ambacho pengine ni chake tayari.

Kwanza jua kama wimbo wako una kufuli

Fungua folda, uangalie herufi za mwisho za jina la faili. Ikiwa .m4p, wimbo umefungwa, yaani una kufuli la kidijitali linaloruhusu uchezwe kwenye vifaa vilivyoidhinishwa tu. Ikiwa .m4a au .mp3, uko huru. Faili za .wma zilizonunuliwa miaka hiyo kwenye maduka yaliyotumia mfumo wa Microsoft nazo nyingi zilifungwa, ingawa jina halionyeshi. Hizo utazijua zikikataa kucheza kwenye kompyuta nyingine.

Duka la iTunes lilianza mwaka 2003 likiuza nyimbo zenye kufuli liitwalo FairPlay, kwa sababu kampuni kubwa za muziki hazikukubali kuuza bila kufuli. Wimbo ulicheza kwenye kompyuta zisizozidi tano zilizosajiliwa kwa akaunti yako, na kwenye vifaa vya Apple. Mwaka 2007 kampuni ya EMI ikakubali kuuza bila kufuli, Amazon nayo ikafungua duka la MP3 mwaka huohuo, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote za dukani kwake zitakuwa huru. Kwa hiyo wenye shida hii hasa ni walionunua kabla ya 2009. Nyimbo za mjomba ziliishia 2008.

Hatari ya kufuli ni kwamba ufunguo hukaa kwa muuzaji. Duka la muziki la Yahoo lilifungwa Septemba 2008, wateja wakaarifiwa kwamba mitambo ya kutoa funguo inazimwa, ikabidi wafidiwe. Mtu aliyenunua kaseti ya taarabu Ngamiani mwaka 1985 bado anaisikiliza leo kama mkanda haujaliwa na unyevu, na aliyemuuzia huenda alishafunga duka zamani.

Namba 1: Pakua upya kutoka dukani ulikonunua. Ni bure

Watu wengi hawaijui njia hii, na ndiyo iliyotutoa sisi. Zamani Apple ilitoza senti 30 za dola kwa kila wimbo ili kukubadilishia wenye kufuli kwa ulio huru. Siku hizi, ukiingia kwenye akaunti ileile uliyonunulia na ukafungua orodha ya ulivyonunua, wimbo ambao bado uko dukani utaupakua tena bila malipo, na utashuka ukiwa .m4a, huru. Ubora nao unapanda kutoka kilobiti 128 kwa sekunde hadi 256. Wimbo wa dakika nne unatoka takriban MB 4 unafika karibu MB 8, na masikio yanaitambua tofauti hiyo, hasa kwenye matoazi na sauti za juu za violini.

Kazi yenyewe iko kwenye akaunti. Mjomba alikuwa amesahau nywila, na namba ya simu ya Uingereza iliyokuwa ikipokea msimbo ilishakufa. Hilo peke yake lilitula siku tisa. Kama una ndugu anayejiandaa kurudi nyumbani, mwambie leo abadilishe namba kwenye akaunti kabla laini ya huko haijazimwa. Na asibadilishe nchi ya akaunti kuwa Tanzania kabla hajapakua kila kitu, maana ununuzi wa duka la nchi moja unaweza kufichika ukihamia la nchi nyingine.

Utaratibu tulioufuata: tulinakili folda yote ya zamani kwenye diski ya nje kwanza. Kisha tukaondoa faili zenye kufuli kwenye maktaba ya programu ya iTunes, ndipo alama ya wingu ikatokea kando ya kila wimbo, tukapakua. Nyimbo 187 zilirudi, kiasi cha GB 1.5. Tulipakua usiku kwa bando, na hakuna uliokatika.

Jambo moja la kuzingatia: faili hizi huru zimebeba ndani yake jina na barua pepe ya mnunuzi. Ni zako, zicheze popote, ila usizitawanye kwenye magrupu ya WhatsApp.

Namba 2: Nunua upya kwa msanii mwenyewe, Bandcamp

Kwa nyimbo zilizotoweka kwenye duka la kwanza, mahali pa kwanza ninapotafuta ni Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao, iliyopo tangu 2008. Sababu ni mbili. Kwanza, ukishalipa unachagua mwenyewe fomati unayoitaka: MP3 ya kilobiti 320, FLAC ambayo haipotezi chochote cha sauti, au nyinginezo, na kesho unaweza kurudi ukachukua nyingine bila kulipa tena. Pili, Bandcamp hukata 15% ya mauzo ya kidijitali pamoja na gharama za malipo, kinachobaki kinaenda kwa msanii au lebo. Mimi ni mtoto wa mji ambao vikundi vyake, Black Star na Lucky Star, vilibadilisha taarabu ya pwani nzima kwa magitaa, na sauti ya Bi Shakila ilitoka humo. Ninajua jinsi wanamuziki wa hapa walivyozeeka wakiwa hawana cha kuonyesha. Fedha ikimfikia mwenye kazi, ninailipa kwa moyo mmoja.

Kulipa si kazi ngumu tena. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa Visa inatosha: unaitengeneza kwenye simu, unaweka kiasi unachotaka tu, unalipa. Weka ziada kidogo, maana bei iko kwa dola au pauni na kubadilisha fedha kuna makato.

Upungufu wake ni kwamba wasanii wakubwa wa kampuni kubwa wengi hawamo. Kati ya nyimbo 27 zilizotubakia, Bandcamp tulizipata tisa.

Namba 3: CD halisi

Wengi wanaicheka. Mimi naipa nafasi ya tatu bila kusita, na kwa muziki wa zamani wa pwani naipandisha hadi ya kwanza. CD ya kawaida haina kufuli, ina sauti kamili, na ukiihamishia kwenye kompyuta kwa FLAC unapata nakala isiyopungua kitu. Lebo za Ulaya kama Globestyle ya London na Buda Musique ya Ufaransa zimetoa taarabu na muziki wa dansi wa Afrika Mashariki kwa CD, pamoja na vijitabu vyenye majina ya wapigaji. Baadhi ya nyimbo hizo hutazipata zikiwa safi hivyo mahali pengine.

Ukinunua iliyotumika, igeuze uiangalie kwenye mwanga. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina madhara sana. Inayozunguka kufuata duara ndiyo inayoua wimbo. Na kama laptop yako haina sehemu ya CD, kifaa cha nje cha kusomea CD kinachochomekwa kwa USB kinatosha, au azima kwa jirani kwa siku moja. Sisi tuliokoa nyimbo sita kwa CD mbili alizokuwa nazo mkaza mjomba kwenye kabati la vyombo.

Namba 4: iTunes Match kwa mwaka mmoja tu

Hii ni huduma ya kulipia ya Apple, inamfaa mwenye nyimbo nyingi mchanganyiko, zenye kufuli na zilizotoka kwenye CD za zamani zenye ubora hafifu. Ilianza 2011 Marekani kwa dola 24.99 kwa mwaka. Programu inazitambua nyimbo zako, kisha inakuruhusu kupakua nakala za kilobiti 256 zisizo na kufuli. Ulizopakua zinabaki zako hata ukiacha kulipa. Unalipa mwaka mmoja, unapakua zote, unasitisha. Hakikisha kwanza kwamba nchi ya akaunti yako inapata huduma hiyo. Kwa nyimbo zisizofika 100, usihangaike nayo.

Usiichanganye na Apple Music. Ukilipia Apple Music kwa mwezi na kupakua nyimbo, zinashuka zikiwa .m4p tena, zimefungwa, na siku unapoacha kulipa zinanyamaza. Nimeona mtu akifuta nakala zake nzuri akidhani amepata mbadala. Roho iliniuma.

Namba 5: Choma CD, kisha irudishe

Wimbo ukikosekana kote, njia ya halali ya zamani bado ipo. Programu ya iTunes inaruhusu kuchoma nyimbo zenye kufuli kwenye CD ya muziki, orodha moja hadi mara saba. CD hiyo ukiirudisha kwenye kompyuta, nyimbo zinaingia zikiwa huru. Nunua CD-RW moja inayofutika, utaitumia tena na tena badala ya kujaza nyumba takataka. Inabeba dakika 80, yaani nyimbo zipatazo 20 za dakika nne.

Sauti haitapanda, itabaki ileile ya kilobiti 128, na ukiirudisha kwa MP3 itashuka kidogo tena. Kwa hiyo irudishe kwa FLAC. Majina ya nyimbo huenda ukayaandika kwa mkono. Na kompyuta lazima iwe imesajiliwa kwa akaunti iliyonunua, kwa hiyo huwezi kukwepa ile kazi ya nywila. Nyimbo 12 za mwisho za mjomba zilipita hapa, jioni moja, tukiandika majina huku yeye akikumbuka alinunua upi siku gani.

Zisizofaa kuitwa ununuzi

Boomplay na Spotify ni nzuri kwa kusikiliza, lakini ulichopakua kinakaa ndani ya programu, hakihamii kwenye flashi. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo inakufungia. Mdundo ni tofauti, inatoa MP3 huru bila malipo, na kwa Bongo Fleva inasaidia, ila baadhi ya faili huanza na tangazo.

Vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye flashi sivipendekezi kabisa. Msanii hapati kitu, nyimbo zimebanwa hadi besi inakwaruza, na flashi inarudi na virusi. Programu za kuvunja kufuli zinazoahidiwa mtandaoni nazo ziache. Zinakuingiza kwenye matatizo ya hakimiliki, na nyingi ni mtego wa kuiba taarifa zako.

Kabla ya kuchomeka kwenye gari

Redio nyingi za gari na spika za bei nafuu zinasoma MP3 tu, .m4a zinairuka. Hapo utaona kama kufuli bado ipo, kumbe ni lugha ya faili tu. Tengeneza nakala ya MP3 ya kilobiti 256 au 320 kwa ajili ya gari, na .m4a au FLAC yenyewe ibaki kwenye diski bila kuguswa. Flashi ya GB 8 inabeba nyimbo zaidi ya 800 za kilobiti 320, haina haja ya kubwa zaidi. Kubwa za GB 64 huja na fomati ya exFAT ambayo redio za zamani haziisomi. Redio hizo zitataka flashi yenye fomati ya FAT32.

Na sisi wa mji wa bahari tunaijua chumvi. Flashi iliyokaa garini miezi sita kwa upepo wa Raskazone inaota kutu kwenye meno yake. Weka nakala mbili mbali na gari. Mjomba moja ameiweka kwenye kopo la biskuti lililofungwa vizuri, nyingine iko kwangu Chumbageni. Laptop ya zamani hatukuifuta. Tulikubaliana kwamba hadi asikilize zote 214 kuanzia mwanzo hadi mwisho, zile zenye kufuli zisiguswe, na juzi alinipigia kusema amefika ya 96.